Hewa ya Kushindilia na Maji Yaliyokataa Kushuka

Asubuhi ya pili baada ya harusi iliyofanyika nyumbani kwa shangazi yangu hapa Gongoni, wakati masufuria ya pilau na ya wali wa nazi yalipokuwa yamekwisha kuoshwa na wageni wa mbali wamekwisha kupakiwa garini kurudi Malindi na Mombasa, karo la jikoni lilikuwa limejaa hata ukingoni maji ya rangi ya jivu. Nayo maji hayo, yakiwa yamenyimwa njia ya kwendea, yaliibukia katika tundu la bafuni na kutapakaa juu ya sakafu ile ile ambapo watu wa nyumba hutawadhia. Fundi akaitwa. Alikuwa kijana mwenye adabu na mikono myepesi, naye alikuja na chombo ambacho wengi wetu tuliokuwapo hatukuwa tumepata kukiona: pampu fupi ya plastiki yenye kipini cha kushindilia hewa, kifyatuo kama cha bunduki, na kikombe cha mpira mdomoni mwake. Alikisukuma kipini mara thelathini hivi, akakikaza kikombe juu ya tundu la karo, akafyatua. Ulisikika mshindo mmoja, maji yakaruka kidogo, kisha yakaanza kuzunguka na kushuka kwa sauti ya koromeo.

"Shangazi, limezibuka," akasema.

"Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie, mwanangu," akajibiwa, akapewa ujira wake na sahani ya pilau iliyobaki.

Siku ya nne maji yakarudi pale pale, na safari hii yakaja na harufu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari jambo hili kwa bidii ambayo pengine yataka udhuru, kwani wako watakaouliza ni maudhui gani haya ya kukaliwa kitako na kuandikiwa. Jawabu langu ni kwamba nyumba ya Mswahili haikamiliki kwa kuta na dari tu, bali kwa tohara; na tohara haipatikani mahali ambapo maji yaliyokwisha kutumika yanarudi kumkuta mtu miguuni. Anayesimama bafuni kutia udhu huku maji ya shimoni yakichipuka kwenye tundu la sakafu hana hakika na nguo yake, wala na mswala wake, wala na watoto wanaotambaa sakafuni humo. Kwa hiyo swali la namna ya kuzibua bomba, na la chombo gani kifaacho kwa kazi hiyo, ni swali la siha na la ibada kwa pamoja, nami naliona lastahili kuchunguzwa tangu mwanzo wake hata mwisho wake, yaani tangu karo hata shimo.

Tuanze na chombo chenyewe. Hewa ina sifa moja ambayo maji hayana, nayo ni kukubali kubanwa. Robert Boyle, mwanachuoni mzaliwa wa Ireland, alibainisha mwaka 1662 kwamba hewa, maadamu joto lake halibadiliki, ikisongwa ndani ya nusu ya nafasi yake hurudisha nguvu maradufu, na ikisongwa ndani ya thuluthi hurudisha mara tatu. Mwenye kusukuma kipini cha pampu hafanyi lolote ila kuiwekea akiba nguvu ya mkono wake: kila msukumo waongeza hewa katika chumba kidogo, nayo hukaa humo kama upinde uliovutwa, ikingojea kuachiwa. Maji, kwa upande wake, hayabanwi kwa kiasi cha kuonekana, na kwa sababu hiyo hiyo yanaifikisha nguvu kwa uaminifu. Blaise Pascal wa Ufaransa, aliyefariki mwaka huo huo wa 1662, na ambaye kitabu chake juu ya mizani ya maji kilichapishwa mwaka uliofuata, alionyesha ya kuwa msukumo unaotiwa mahali pamoja juu ya maji yaliyofungwa hufika kila upande bila kupungua. Hewa basi huweka akiba, na maji huwa mjumbe. Na siri yote ya chombo hiki ni ushirika wa hayo mawili.

Tukitaka kuiona nguvu hiyo kwa hesabu, na tutumie kipimo ambacho kila fundi wa magurudumu hapa njiani anakijua, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Maji yaliyojaa katika karo lililo mita moja juu ya bomba hayailemei taka iliyokwama kwa zaidi ya pauni moja na nusu hivi kwa kila inchi. Ndiyo maana yanaweza kukaa hapo hata Kiyama bila kujifungulia njia. Lakini tukiipiga taka hiyo kwa hewa ya pauni 30, kipimo ambacho gurudumu la gari dogo hukibeba kila siku, katika bomba la inchi 2 nguvu inayoangukia uso wa kizuizi hukaribia uzito wa kilo 43, ambao haupungui sana mfuko mzima wa simenti. Na katika bomba la inchi 4, la choo, hupita kilo 170, ambayo ni zaidi ya mifuko mitatu. Tena uzito huo hauji polepole kama mtu anayetua mzigo. Huja kwa mara moja, kama aangushaye. Uji wa mafuta na masizi uliokataa kusogea mbele ya maji yaliyotulia hupasuka mbele ya pigo kama hilo.

Mkono wa mfyatuaji nao hupata sehemu yake, kwani pampu husukumwa nyuma wakati hewa inaposukumwa mbele, na asiyeikaza vizuri atarushiwa maji usoni. Sisi watu wa Gongoni hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kanuni hiyo. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya majirani zetu wa Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ambayo ilipewa jina la Uhuru, ya kwanza kupelekwa juu kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Na roketi iliyoibeba ilipaa kwa sababu gesi ilifukuzwa chini kwa nguvu, nayo ikasukumwa juu kwa nguvu iyo hiyo. Wazee waliokuwa vijana wakati ule huzisimulia roketi za Ngomeni hadi leo. Kilichomrushia fundi wetu matone kwenye kanzu ni amri moja na iliyoipandisha setilaiti, ila kwa kadiri ndogo.

Sharti la kwanza la kazi hii, ambalo wengi hulipuuza, ni kwamba bomba liwe na maji. Aliyeifyatua hewa katika bomba tupu ameiachia itanuke bure, na kutanuka ni kupoteza nguvu, kwa ile ile kanuni ya Boyle ikisomwa kinyume: nafasi ikiongezeka, mgandamizo hupungua. Sharti la pili ni kwamba hewa isiwe na mlango mwingine wa kutokea. Karo la kunawia lina kitundu karibu na ukingo, kilichowekwa ili maji yasifurike. Karo la jikoni la vyumba viwili lina tundu la pili. Bafu, choo na karo aghalabu hukutana katika bomba moja, na juu ya paa huenda kuna bomba la kupumulia. Hewa, kama mwizi, hutafuta mlango uliosahauliwa. Kila tundu lililo karibu lazima lizibwe kwa kitambaa kilicholoweshwa na kushikiliwa kwa mkono imara, ama sivyo pigo lote litatokea bafuni, na uchafu wa jikoni utapakwa ukutani badala ya kwenda zake. Nyumbani kwa shangazi mlango huo haukuzibwa, na mimi niliyekuwa nimesimama hapo bila kazi ndiye niliyepaswa kuuziba.

Lakini chombo hakiwezi kuhukumiwa mpaka ijulikane kinapigana na nini, na hapa ndipo ninapoona kwamba maarifa ya kununuliwa dukani hayatoshi, kwani mabomba ya Gongoni hayazibwi na vitu vile vile vizibavyo mabomba ya miji ya baridi. Nimekuwa nikisimama na mafundi wakifungua, nikatazama kinachotoka.

Katika jikoni, adui wa kwanza ni nazi. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa, ambayo mikono myepesi huyasuuza pamoja na mbuzi ya kukunia na kifumbu au chujio, ni nyuzi fupi fupi zisizooza upesi, na zikishikana na punje za wali hufanya kitu kama zulia. Kisha huja mafuta. Mafuta ya nazi yana tabia ambayo kila mama wa pwani anaijua kwa chupa yake ya kupaka nywele: huyeyuka na kuganda karibu na digrii 24 za Selsiasi, hivyo mchana wa kaskazi yanateleza kama maji, na usiku wa kusi, mwezi wa Julai na Agosti, yanasimama meupe. Yamwagwayo karoni yakiwa moto baada ya kukaangwa mahamri, bajia au viazi karai, hasa yakiwa yamechanganyika na mafuta ya mgando ya dukani, husafiri hatua chache ndani ya bomba lililofukiwa katika mchanga wa ubaridi, kisha huganda kandokando yake, siku baada ya siku, mpaka tundu la inchi 2 linabaki na nafasi ya kidole. Taka ya namna hii ni laini, iko karibu na karo, na bomba aghalabu limejaa maji juu yake. Kwa hiyo pampu ya hewa huitenda kazi hii vizuri, wala sioni sababu ya kumnyima sifa aliyeibuni.

Adui wa pili ni mchanga, nao ni mkaidi zaidi. Watoto warudi pwani, wavuvi warudi na nyavu, wafanyakazi warudi kutoka mashamba ya chumvi na miguu yao, na wote huogea mahali pamoja. Mchanga hauyeyuki, hauozi, wala haupasuki. Hulala chini ya bomba lenye mteremko haba, na hasa katika kile kiwiko kilichopinda mfano wa shingo ya bata, ambacho mafundi hukiita trapu. Pigo la hewa likiukuta mchanga huutimua kama upepo utimuavyo vumbi, maji yakapita, watu wakafurahi. Kisha chembe zile zatulia tena hatua mbili mbele, mara nyingi mahali pabaya zaidi, penye kiungo ambacho mkono haufiki.

Na wa tatu, ambaye sidhani anatajwa inavyostahili, ni maji yetu yenyewe. Visima vya ukanda huu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe ni chokaa. Maji yaliyolala humo hubeba chokaa iliyoyeyuka, na mengi yana chumvi juu ya hayo. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya namna hii haitoi povu ila baada ya kusuguliwa sana, kwa sababu sehemu yake kubwa huungana na chokaa na kugeuka utando mweupe unaonata, usiokubali kuyeyuka. Mama wa Gongoni basi hutumia sabuni nyingi kuliko mwenzake atumiaye maji ya mto, na nyingi katika hiyo haiendi kwenye nguo bali kwenye bomba. Utando ule hushika nywele, nywele hushika mchanga, na baada ya miaka michache chokaa yenyewe huganda juu ya vyote ikawa gamba gumu kama la chaza. Gamba hilo hewa haiwezi kulitoa. Huweza tu kulipenyezea njia ndogo katikati, ambayo itafungika tena kwa sufuria chache za wali.

Lingefaa kusemwa hapa, maana lina uhusiano na maji, kwamba uhaba wake nao huziba. Shida ya maji hapa si ya leo: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilipofanya uchunguzi juu ya viwanda vya chumvi vya Magarini, eneo letu hili, na kutoa ripoti yake mwaka 2006, malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi na maji yalikuwa miongoni mwa mambo iliyoyasikiliza. Mahali ambapo maji matamu hutoka Baricho kwenye kingo za Sabaki, na siku yanapokatika hununuliwa kwa madumu, mtu hamwagi ndoo nzima chooni. Humwaga kopo mbili. Bomba la inchi 4 lililokusudiwa kusafishwa kwa mkondo mkubwa likipewa kopo mbili, uchafu husafiri nusu ya njia na kukaa. Kosa hilo si la mtu wa nyumba wala si la fundi.

Nikivilinganisha vyombo vingine kwa insafu, naona kila kimoja kina mahali pake. Kile kizibuo cha mpira chenye mti, kinachodharauliwa siku hizi, kina fadhila moja ambayo pampu ya hewa haina: huvuta kama kinavyosukuma. Kuvuta ni kuirudisha taka pale ilipoingilia, ambapo mkono unaweza kuikamata na kuitoa nje ya nyumba kabisa. Kusukuma ni kuipeleka mbele gizani. Waya wa kuzungusha, ambao Samuel Blanc wa Marekani aliufunga kwenye mota ya umeme na kuutia visu mwaka 1933 ili kukata mizizi ndani ya mabomba, ndio ufaao zaidi kwa gamba la chokaa na kwa mizizi ya mwarobaini, mti ambao kila ua hapa unao na ambao mizizi yake hufuata unyevu kwa subira kubwa. Maji ya moto ni mazuri kwa mafuta yangali mapya, ila yasiwe ya kuchemka kwa bomba la plastiki, ambalo hulegea.

Ama soda kostiki, naomba niseme bila kuficha kwamba naiogopa. Huyageuza mafuta kuwa sabuni, na hilo ni kweli. Lakini ikishindwa hubaki imelala ndani ya bomba, kali kama ilivyotiwa. Ikiwa baada ya kushindwa huko mtu ataleta pampu ya hewa na kufyatua, maji yatakayomrukia machoni hayatakuwa maji. Fundi yeyote anayeitwa katika nyumba ambayo karo lake limeziba, na aulize kwanza kabla salamu haijapoa: "Mama, mmetia dawa humu?" Na mwenye nyumba na aseme kweli, hata kama anaona haya kwa kuwa alijaribu mwenyewe.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi, nayo inazaliwa na werevu wetu wenyewe. Barabara yetu ni ya malori ya chumvi, na kando yake hawakosekani mafundi wa panchari wenye kompresa, mashine ambazo hujaza magurudumu ya malori kwa hewa ya pauni 100 na zaidi. Imekuwa rahisi kwa mtu kuwaza kwamba, ikiwa pampu ya mkono yazibua kwa pauni 30, basi mpira wa kompresa ukiingizwa katika tundu utazibua mara tatu zaidi. Hesabu hiyo ni ya kuhuzunisha. Mabomba ya maji taka ya plastiki hayakutengenezwa kubeba mgandamizo wowote. Yametengenezwa maji yapite ndani yake kwa mteremko, na viungo vyake vimeshikwa kwa gundi nyembamba au kwa pete ya mpira. Fauka ya hayo, iko tofauti kubwa baina ya bomba lililojaa maji likapasuka na bomba lililojaa hewa likapasuka. Maji, kwa kuwa hayakubanwa, hutoa ufa na kutulia. Hewa hutanuka kwa ghafula na kurusha vipande vya plastiki kama vigae vya chupa. Pampu ya mkono ina chumba kidogo, na ikishafyatuliwa akiba yake imekwisha, lakini kompresa haikomi. Kuta zilizojengwa kwa mawe na kupakwa lipu zaficha kiungo kilichoachana, na mwenye nyumba hatajua mpaka aone unyevu na chumvi vikichanua ukutani miezi kadhaa baadaye.

Hata pampu ndogo yataka kiasi. Aanze mtu kwa misukumo michache, kumi hivi, aone; akiongeza, aongeze kidogo kidogo, na pigo tatu au nne hafifu hufaa kuliko moja la ghadhabu. Na kama pigo la tatu halikuyashusha maji hata kidogo, hiyo ni habari yenye thamani: kizuizi si laini, au si cha karibu, au si kizuizi kabisa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonirudisha nyumbani kwa shangazi. Nilitaja kwamba maji ya karo yaliibukia bafuni, nasi sote tuliliona hilo kuwa ni ziada ya balaa, ilhali lilikuwa ni dalili. Karo likiziba peke yake, kizuizi kiko chini ya karo. Karo, bafu na choo vikikataa kwa pamoja, na kile kilicho chini kuliko vyote kikawa cha kwanza kufurika, kizuizi kiko mbele ya makutano yao, katika bomba kuu au katika shimo lenyewe. Mafundi wenye uzoefu huenda kwanza kwenye manholi ya nje, wakafunua kifuniko kabla ya kugusa chochote ndani. Manholi ikiwa kavu, taabu iko ndani ya nyumba. Manholi ikiwa imejaa, hakuna hewa duniani itakayosaidia, kwa sababu hakuna mahali pa kuyapeleka maji.

Kwani yanakwenda wapi? Hili ni swali ambalo mtengenezaji wa pampu, anayeishi katika mji wenye bomba kuu chini ya kila barabara, hana haja ya kujiuliza. Uingereza ilijiuliza zamani: Alexander Cumming, fundi wa saa, alipata hati ya kiwiko cha maji cha kuzuia harufu mwaka 1775, lakini ilibidi mji wa London ushindwe kupumua kwa uvundo katika joto la mwaka 1858 ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kuujengea mifereji mikuu. Hapa Gongoni hakuna mfereji mkuu. Kila nyumba ina shimo lake, pengine lenye vyumba viwili vya septiki na shimo la kunyweshea maji ardhini, pengine tundu moja tu lililochimbwa katika tumbawe. Na kila pigo la hewa linalofanikiwa huhamisha taka kutoka mbele ya macho yetu kwenda katika shimo hilo, ambalo mara nyingi haliko mbali na kisima.

Wazee wetu walilijua jambo la mashimo. Huko Gede, upande wa pili wa Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, majumba ya mawe ya karne nyingi zilizopita yana vyoo vyake vya mashimo yaliyojengwa, mahali pake pa kutawadhia, na visima vyake. Maji ya kuogea yalikuwa na njia fupi iliyonyooka, isiyo na kiwiko, na kisichopinda hakizibi kwa urahisi. Lakini hata unyofu ule haukuwa kinga ya maradhi yanayopita majini. Daktari James Christie, tabibu aliyeishi Unguja na kushuhudia kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya pigo hilo, kilichotoka mwaka 1876. Na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala huko Unguja tangu 1870 hata 1888, aliuletea mji huo maji ya chemchemi kwa mifereji, ili watu wasitegemee tena visima vilivyochimbwa katikati ya makazi. Tumbawe lina matundu mengi. Ndani yake maji ya shimoni na maji ya kisimani hukaribiana bila kuonana.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kiwango cha kuridhisha cha usafi wa mazingira, na huduma za maji na usafi zimewekwa mikononi mwa kaunti. Mimi ninaamini kwamba fedha anazotumia mtu mmoja mmoja kwa pampu, dawa na mafundi wa kurudi kila mwezi, zikikusanywa kwa mtaa mzima na kuongezewa wajibu wa serikali ya Kilifi, zingelipia gari la kunyonya mashimo lipite kwa zamu, na hatimaye mabwawa ya kusafishia maji hayo mbali na visima. Mpaka hapo, kila karo linalozibuliwa Gongoni linazibuliwa kuelekea kwa jirani.

Tulilifunua shimo la shangazi siku ya tano. Ilibidi watu wawili kuinua kifuniko, ambacho kilikuwa kimefukiwa chini ya mchanga na maua ya mwasumini aliyoyapanda mwenyewe, na hakuna aliyekumbuka lini kilifunuliwa mara ya mwisho. Maji yalikuwa yamejaa hata kugusa simenti. Yule kijana fundi alikuwapo, amerudi bila kuitwa wala kudai ujira wa pili. Akachutama ukingoni, akatazama kwa muda, kisha akaenda kuitia pampu yake katika gunia, akauliza kisima kiko upande gani. Shangazi akamwonyesha kwa mkono. Akahesabu hatua kutoka shimoni hadi kisimani, akazihesabu mara ya pili, na hazikufika ishirini.